Mkono Usioonekana Kwenye Picha ya Mwanao

SEHEMU YA 1: "SI UNABONYEZA TU?"

Nimetoka zamu, miguu imevimba, lakini hili silali nalo.

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp, mdogo wetu mmoja ambaye ni mama kijacho, mimba miezi minane, aliweka bei aliyopewa na mpiga picha wa watoto wachanga. Shilingi laki tatu na nusu. Mpiga picha anakufuata nyumbani, anakaa saa nne, unapata picha kumi na tano zilizosafishwa vizuri na moja kubwa yenye fremu ya kutundika ukutani.

Jamani, kundi liliwaka moto. "Laki tatu na nusu, kwani anamzaa yeye?" "Mwambie simu yangu inatoa picha kali kuliko kamera yake." "Mi nina kijana wangu, elfu hamsini tu, anakupa picha mia na flashi juu." Halafu ikaja ile kauli ambayo ndiyo imenifanya nikae hapa naandika badala ya kuoga nilale: "Kwani si anabonyeza tu?"

Hiyo kauli naijua. Nimeambiwa mimi mwenyewe, mara nyingi, nikiwa na sare mwilini. "Nesi, kwani si unachoma tu?" Kuchoma sindano ni sekunde chache, ni kweli. Kujua uchome wapi, uchome nini, kipimo gani, na ufanye nini mtu akianza kukata pumzi mbele yako, hayo yalinichukua miaka mitatu ya diploma na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kuna usiku unakaa na mama mwenye uchungu, unasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, unajaza patografu, hupati hata muda wa kunywa maji. Alfajiri mtoto analia, mama mzima. Ndugu wakija wanasema, "Mbona hata kazi haikuwepo, kajifungua mwenyewe tu."

Haikuonekana kazi kwa sababu kazi ilifanyika. Wahenga walishasema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sasa naomba nieleweke mapema. Mimi si mpiga picha. Sina mume wala kaka mpiga picha. Sijalipwa na mtu. Nazungumza kama nesi wa wodi ya wazazi, na ninachosema ni hiki: bei ya mpiga picha wa kichanga si bei ya picha. Sehemu kubwa ya hiyo hela ni bei ya usalama wa mtoto wako. Ukiivunja bei bila kujua imejengwa na nini, kinachovunjika ni kitu ambacho hukioni.

Najua mtanibishia. Subirini sehemu ya pili kwanza.


SEHEMU YA 2: MTOTO ALIYEPOA

Kisa hiki mama mwenyewe ameniruhusu nikisimulie. Nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike. Hospitali siitaji, na mpiga picha simtaji.

Alikuja jioni na kichanga cha siku saba, wa kike. Alizaliwa na kilo mbili na gramu mia nne, yaani chini kidogo ya kilo mbili na nusu ambayo sisi tunaihesabu kama mpaka wa uzito pungufu. Mama anasema, "Nesi, mwanangu tangu mchana analala tu, titi hataki." Nikamshika miguu. Baridi. Nikamshika tumbo. Baridi pia, na hapo ndipo moyo wangu uliponiruka, maana miguu ya kichanga kuwa baridi kidogo ni kawaida, tumbo si kawaida. Kipimajoto kikasoma 34.9. Kichanga anatakiwa awe kati ya 36.5 na 37.5.

Tulimvua, tukamkausha, kofia kichwani, soksi miguuni, tukamlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, blanketi juu yao wote wawili. Tukapima sukari, imeshuka. Maziwa ya mama tukayakamua tukampa kidogo kidogo. Daktari akaagiza vipimo vya maambukizi, kwa sababu kichanga aliyepoa hivyo huwezi kujua mara moja kama ni baridi tu au kuna ugonjwa nyuma yake. Usiku ule nilipita pale kitandani mara nyingi kuliko nilivyopita kwa mgonjwa mwingine yeyote. Karibu na saa saba usiku alifika 36.6 na akashika titi. Walikaa siku tatu. Leo ni mzima, anakimbiza kuku.

Nilimuuliza mama siku ile ilikuwaje. Akanionesha simu. Asubuhi alikuja mpiga picha. Bei ilianzia laki mbili, mama akavuta, akavuta, ikaishia elfu arobaini. Kijana alikuja peke yake na bodaboda, kachelewa, ana haraka ya kwenda kwenye harusi. Chumba kina joto la Januari ya Dar, jasho linamtiririka, akaomba AC iwashwe. Mtoto akavuliwa nguo zote. Akawekwa kwenye beseni lenye kitambaa na maua ya plastiki. Akakojoa. Akafutwa kidogo, wakaendelea juu ya kitambaa kile kile kibichi. Karibu saa mbili nzima.

Mama akaniambia, "Nesi, hata hakusumbua. Yule kaka alimsifia, akasema mtoto wako amepoa sana, watoto wangekuwa hivi wote ningefurahi."

Amepoa. Kweli alikuwa amepoa.

Nisikilizeni wazazi. Kichanga hatetemeki kama wewe ukipigwa na baridi. Mwili wake unachoma mafuta maalumu na sukari kidogo aliyonayo ili ajipashe moto. Akiwa mdogo wa uzito, akiba hiyo ni ndogo zaidi. Akiwa na unyevunyevu mwilini na upepo unampiga, joto linamtoka haraka mno. Ikimwishia, halii. Anatulia. Anakuwa "mpole". Mtu asiyejua anaona mtoto mzuri wa picha. Mimi naona mtoto anayezimika.

Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Hakujua. Na kwa elfu arobaini, alikuwa hajalipwa ili ajue.


SEHEMU YA 3: MKONO ULIOFUTWA

Jana inboksi ilijaa. Wengi mlisema, "Nesi, kosa ni la mpiga picha, sio la bei." Nami mwanzo nilifikiri hivyo hivyo. Ndipo nikamtafuta mama mmoja mpiga picha ambaye nilimzalisha mtoto wake wa pili. Anafanya kazi hii ya vichanga kwa miaka sasa, na yeye ndiye wa bei hizo mnazoziita za kuringa. Nikamwomba nikae kwenye kazi yake siku yangu ya mapumziko. Akakubali, kwa sharti moja: ninawe mikono mpaka kwenye viwiko, kama nilivyomnawisha yeye leba. Nilicheka.

Niwaambie nilichokiona.

Siku mbili kabla alishampigia mama wa mtoto maswali. Mtoto alizaliwa mimba ikiwa na wiki ngapi? Kilo ngapi? Macho yana manjano? Ananyonya vizuri? Kitovu kimedondoka? Kuna mtu nyumbani anakohoa? Aliniambia mwezi uliopita aliahirisha kazi mbili kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na mafua. Kazi mbili, hela ya pango la mwezi. Na ana haki ya kuogopa: chanjo ya kwanza yenye kinga ya kifaduro mtoto wetu anaipata akiwa na wiki sita. Kabla ya hapo hana ngao hiyo.

Tulifika saa tatu asubuhi. AC ikazimwa, feni ikazimwa, madirisha ya upande wa upepo yakafungwa. Sisi watu wazima tulilowa jasho kama tumeoga. Mtoto yuko raha mstarehe. Vitambaa vyote vimefuliwa, vimepigwa pasi, vimefungwa kwenye mifuko, kila mtoto na vyake.

Kisha tukasubiri. Saa nne za kazi, nadhani kubonyeza kwenyewe hakukufika dakika arobaini. Mtoto ananyonya, tunasubiri. Anacheuliwa, tunasubiri. Anakojoa, kitambaa kinabadilishwa chote, anakaushwa, anafunikwa, tunasubiri apate joto. Anakunja uso mkao haupendi, anaachwa. Hakuna kumlazimisha.

Na sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Ile picha mnayoipenda wote, kichanga ameweka kidevu juu ya viganja vyake, viwiko chini, kama mtu mzima anayewaza. Mnadhani kichanga wa siku nane anaweza kukaa hivyo? Shingo yake haibebi kichwa. Akiinamisha kidevu kifuani, njia ya hewa inaweza kuziba na hatoi sauti yoyote.

Inafanywaje? Ni picha mbili. Ya kwanza, msaidizi ameshika kichwa cha mtoto kwa juu. Ya pili, msaidizi ameshika mikono ya mtoto kwa chini. Mtoto haachwi hata nukta moja. Halafu mpiga picha anakwenda kukaa kwenye kompyuta, anaziunganisha zile mbili, na anaufuta ule mkono, taratibu, kidole kwa kidole.

Nyie mnaona mtoto peke yake. Mkono ulikuwepo. Umefutwa.

Mitindo hii ya vichanga kwenye maua na maboga imeenea duniani tangu miaka ya 1990, zilipovuma kazi za Anne Geddes wa Australia na kitabu chake Down in the Garden cha mwaka 1996. Watu wakaliona boga, wakanunua boga. Mkono hawakuuona, kwa hiyo mkono hawakuuweka kwenye bajeti. Leo kijana wa elfu hamsini anaona picha hiyo Instagram, anajaribu kumsimamisha mtoto wako vile vile, na hakuna mtu aliyeshika kichwa.


SEHEMU YA 4: DAFTARI

Mama yule mpiga picha alinifungulia daftari lake. Nimemwomba ruhusa. Hizi ni hesabu za kazi yake moja ya laki tatu na nusu, tena kazi ya mbali, Tabata mpaka Kigamboni na mizigo:

Usafiri kwenda na kurudi na vifaa: 40,000.
Msaidizi, yule wa kushika mtoto: 50,000.
Kufua vitambaa, sabuni, dawa ya kusafishia: 15,000.
Luku na bando la kutuma picha: 15,000.
Kusafisha picha kubwa na fremu yake: 60,000.
Mchango wa pango la ofisi, leseni ya biashara na kodi: 35,000.
Akiba ya kamera: 45,000.

Hapo kwenye akiba ya kamera nikamuuliza, kamera si ulishanunua? Akanijibu, "Nesi, kwani bajaji ikishanunuliwa haichakai?" Kamera na lenzi anazotumia zimemgharimu milioni tisa, na VAT ya asilimia 18 ipo ndani yake. Kamera ina kifaa ndani kinachofunguka na kufunga kila unapobonyeza, na kina maisha yake. Kamera kama Canon 5D Mark IV watengenezaji walikipima mibofyo 150,000. Baada ya hapo kinaweza kufa siku yoyote, hata katikati ya kazi yako. Yeye amegawa milioni tisa kwa kazi mia mbili, ndiyo hiyo elfu arobaini na tano. Asipoitenga, siku kamera ikifa na biashara imekufa.

Jumlisheni. Ni 260,000. Kinachobaki mkononi mwake ni 90,000.

Sasa muda. Saa nne kwa mteja. Saa mbili barabarani, na hapo foleni imekuwa na huruma. Kuchagua na kusafisha picha kwenye kompyuta, saa tisa. Simu, ujumbe, kupeleka fremu, saa mbili. Jumla saa kumi na saba. Gawanya 90,000 kwa 17. Haifiki elfu tano na mia tatu kwa saa. Mwezi mzuri anapata kazi sita. Mwezi mbaya mbili. Hana likizo ya uzazi, na bima ya afya anajilipia mwenyewe. Huyo ndiye mnayemwita mwizi.

Haya, sasa wewe umevuta mpaka laki moja na nusu, na yeye ana kodi ya nyumba wiki ijayo, amekubali. Umeshinda. Umewatumia wenzio ujumbe, "Nimempiga chini mpaka nusu!"

Hebu tuone umepiga nini. Zile 90,000 zake ndizo anazokula na watoto wake. Hata akizibakisha zote, kwa gharama nyingine zote imebaki elfu sitini. Kilichokuwa kinahitaji 260,000. Atakata wapi? Pango mwenye nyumba hapunguzi. Luku haipungui. Fremu utaiulizia. Cha kwanza kuondoka ni msaidizi, elfu hamsini kwa mpigo, na wewe hutajua, maana hata akiwepo haonekani kwenye picha. Cha pili ni kufua vile vitambaa alivyolalia mtoto wa jana. Cha tatu ni muda. Ili fidia ipatikane lazima achukue na kazi nyingine siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna kusubiri mtoto apate joto.

Ndiyo maana nasema kosa si la kijana tu. Yule wa elfu arobaini aliyekuja peke yake na haraka ya harusi, ile haraka tuliinunua sisi.


SEHEMU YA 5: NA MIMI NILIVUTA

Kuna dada ameniandikia, "Nesi unaongea kama malaika, wewe hujawahi kuomba punguzo?"

Nimewahi. Na leo nitasema ambalo sijawahi kulisema hadharani.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza nilitaka picha. Mpiga picha akasema laki tatu. Nikamwambia mimi ni nesi, mshahara wenyewe unaujua, nikamlilia mpaka laki na ishirini. Nilijiona mjanja. Alikuja, alikuwa mpole, mtoto hakupata shida yoyote. Wiki ile ile baba yangu mzazi alikuwa amefika kutoka Kilosa kumwona mjukuu. Mzee hakuwa mtu wa picha. Lakini mpiga picha akiwa anafungasha vitu vyake, baba akamchukua mtoto akaenda naye dirishani, akawa anamsemesha Kikaguru. Yule kaka akainua kamera akapiga tatu nne. Niliziona kwenye kioo cha kamera. Baba anacheka, mkono wake mkubwa wa jembe umebeba kichwa cha mwanangu chote.

Nilitumiwa picha kumi na mbili za mwanzo kwenye WhatsApp. Nyingine akasema atazimalizia. Baada ya wiki mbili kompyuta yake ikafa, na picha zote zilikuwa humo tu. Memori kadi alishaifuta akaitumia kwenye kazi nyingine, maana alikuwa nayo moja.

Mwaka uliofuata baba alifariki.

Nilimpigia yule kaka kwa hasira. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Dada, naomba unisamehe sana. Ila kwa bei zile sikuwahi kufikia kununua diski ya pili." Nikakata simu. Nilikasirika kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya hasira ilikuwa kwamba alisema kweli. Kutunza picha sehemu mbili ni gharama. Ilikuwa ndani ya ile laki tatu. Mimi niliitoa, kwa mdomo wangu, nikicheka.

Kwa hiyo siwasemi nikiwa nimesimama juu. Nawasema nikiwa humo humo.


SEHEMU YA 6: TUFANYEJE SASA

Nijibu hoja tatu mlizozirudia sana, kisha nifunge.

Ya kwanza: "Nesi, picha sio chakula, hela hatuna." Kweli kabisa, na mkono naunga. Kama hela haipo, usipige picha za kulipia. Hakuna mtoto aliyewahi kuletwa wodini kwa kukosa picha ya beseni. Chukua simu yako, futa lenzi na kona ya kanga, kaa karibu na dirisha asubuhi, mtoto kifuani kwako amefunikwa vizuri, mwambie baba yake apige. Ile ni picha ya heshima. Kisha itume sehemu mbili, na moja kaisafishe. Ninachokipinga mimi ni kutaka kazi ya laki tatu na nusu kwa elfu hamsini na kumtukana anayekataa.

Ila tusidanganyane pia. Wengine hela ipo. Nimehudhuria sherehe za mama kijacho zenye sare za kushona, maputo ukuta mzima, na keki ya bei ambayo siwezi kuiandika hapa mume wangu akaiona. Keki ililiwa siku moja. Hakuna aliyemuuliza mwoka keki, "Kwani si unachanganya unga tu?"

Ya pili: "Kuna wapiga picha wanatuibia." Wapo. Wapo wanaochukua picha za watu wa Ulaya mtandaoni wanasema ni zao. Wapo wanaopandisha bei kwa sababu tu wamekuona unakaa Mbezi Beach. Bei kubwa peke yake haithibitishi kitu. Mimi nina baraza linalonipa leseni na linaloweza kuninyang'anya. Mpiga picha hana anayempima namna hiyo, yeyote mwenye kamera anaweza kujiita mtaalamu. Kwa hiyo mpime wewe. Muulize hivi:

Nani atashika mtoto? Akikujibu "hana haja ya kushikwa, atatulia", mshukuru, kata simu.

Ile picha ya kidevu kwenye viganja unaifanyaje? Akikueleza habari ya picha mbili, anajua. Akisema "namweka tu", hajui.

Chumba kitakuwaje? Jibu sahihi lina jasho lake ndani.

Ukiwa na mafua siku hiyo? Jibu sahihi ni kuahirisha, na wewe umkubalie bila kununa.

Nioneshe picha zote za mtoto mmoja, sio nzuri kumi za watoto kumi.

Picha zangu utazitunza sehemu ngapi, na kwa muda gani?

Utazitumia kwenye matangazo yako? Hilo likae kwenye maandishi. Uso ni wa mwanao, sio wa biashara yake.

Na mimi naongezea la kinesi: kama mtoto alizaliwa kabla ya wiki 37, au ana chini ya kilo mbili na nusu, au ana manjano, au hanyonyi vizuri, AHIRISHA. Usikimbizane na habari ya "siku kumi na nne za kwanza". Picha nzuri hata akiwa na miezi mitatu zipo. Wakati wa kupiga, ukimwona ametulia kupita kawaida, mguse tumbo. Likiwa la baridi, kazi imeisha, weka ngozi kwa ngozi, funika, mnyonyeshe, na kama hanyonyi au hapati joto, njoo hospitali. Usimwonee aibu mpiga picha.

Ya tatu: "Basi tusipatane kabisa?" Pataneni! Sisi ni watu wa pwani, tusipopatana hatulali. Lakini punguza kazi, usipunguze bei ya kazi ile ile. Mwambie, "Dada, mi nina laki mbili, tufanye nini kwa laki mbili?" Utashangaa. Atakwambia njoo ofisini kwangu, usafiri tunautoa. Tuache fremu, utasafisha mwenyewe baadaye. Tufanye picha tano badala ya kumi na tano, mtoto amefungwa kwenye kanga tu, hakuna mikao migumu. Au ulipe kidogo kidogo tangu mimba ina miezi mitano, kama tunavyocheza mchezo. Hapo umepata nafuu, na msaidizi bado yupo, na vitambaa bado vimefuliwa, na diski ya pili bado ipo.

Yule mdogo wetu wa kwenye kundi alinifuata inboksi jana usiku. Alishaahidiwa na kijana wa elfu hamsini. Amesoma sehemu zote tano. Amempigia, akamuuliza swali moja tu, nani atashika mtoto. Kijana akasema, "Si wewe upo?"

Wiki ijayo anajifungua, Mungu amjalie salama. Mwishowe ameamua hatatumia yeyote kati ya wale wawili. Ameomba dada yake aje na simu, akae dirishani, na ile laki tatu na nusu ataikusanya taratibu kwa ajili ya miezi sita, mtoto akishaweza kubeba shingo yake. Nikamwambia, mama, hapo umenifurahisha kuliko wote. Umeilipa kazi heshima yake, na mtoto atakuwa na joto.

Mkikutana na mpiga picha anayewatajia bei, msiulize kwanza "ya mwisho ngapi?" Ulizeni "ndani yake kuna nini?"

Naingia zamu ya usiku. Mtumie mama kijacho mmoja huu ujumbe.